Tetemeko lilinikuta zamu ya usiku: je, niliwatelekeza wagonjwa wangu?

SWALI: Shikamoo, daktari. Mimi ni muuguzi katika wodi ya upasuaji iliyo ghorofa ya tatu. Usiku tulipopigwa na tetemeko nilikuwa mezani nikiandika ripoti ya zamu. Nilijitupa chini ya meza, nikaushika mguu wake, nikabaki hapo mpaka mtikisiko ulipokoma. Mgonjwa wa kitanda cha sita, aliyekuwa akitumia oksijeni, alikuwa akiita "Sista! Sista!" na mtungi wake ukaanguka, mrija ukachomoka, ukabingirika hadi mlangoni. Nilimrudishia oksijeni baadaye na hakudhurika, lakini sauti ile hainitoki masikioni. Baada ya hapo baadhi yetu tulitaka kuwashusha wagonjwa wote uani, wengine wakakataa. Je, nilikosea kujificha? Tulipaswa kutoka? Na mbona hadi leo, wiki ya pili sasa, nikikaa kimya nahisi sakafu inacheza?

JIBU: Marahaba, dada. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kabla ya jambo lingine lolote nitajibu lile linalokuuma: hukukosea. Kujitupa chini ya meza imara, kuushika mguu wake na kutulia hapo mpaka ardhi itulie ndiyo hatua ninayomfundisha kila anayefanya kazi hospitalini, awe muuguzi, daktari bingwa au mhudumu wa usafi. Sisemi hivyo ili nikubembeleze. Nasema hivyo kwa sababu ya namna tetemeko lenyewe linavyotenda, na kwa sababu ya yale yaliyowapata wenzetu katika hospitali nyingine kabla yetu.

Tetemeko husafirisha ndani ya miamba mawimbi ya aina mbili kuu. La kwanza husukuma na kuvuta, nalo huenda kwa kasi ya takribani kilomita 6 kwa sekunde. Ndilo linalosikika kama lori zito linalopita nje, vioo vya madirisha vikaanza kulialia. La pili hutikisa kwa upande, huenda kwa kasi ya kilomita 3 na nusu hivi kwa sekunde, na ndilo linaloangusha makabati na kupasua kuta. Mtu aliye umbali wa kilomita 40 kutoka kwenye chanzo cha tetemeko huwa na sekunde tano hivi kati ya wimbi la kwanza na la pili, na sehemu kubwa ya sekunde hizo huishia katika kujiuliza ni kitu gani kinachotokea. Wimbi la pili likishafika, jengo la ghorofa huyumba zaidi kadiri unavyopanda juu, na katika mtikisiko mkali mtu mzima mwenye afya hushindwa hata kusimama. Kutoka mezani pako hadi kitanda cha sita huenda ni hatua kumi na mbili, ambazo siku nyingine unazipita bila hata kuzihesabu. Usiku ule zilikuwa umbali ambao miguu ya binadamu haiwezi kuupita.

Ungejaribu kuupita, jambo linalotarajiwa zaidi ni kwamba ungeanguka njiani, au ungeangukiwa na kitu. Watu wengi huumia katika majengo ambayo hayakuporomoka hata kidogo; huumia kwa sababu walikimbia wakateleza, au walisimama mahali ambapo kabati, taa au kipande cha ukuta kiliwafikia. Na muuguzi aliyevunjika nyonga katikati ya wodi haipunguzii wodi muuguzi mmoja tu, bali anaiongezea pia mgonjwa mmoja, katika dakika ambazo mikono yake ndiyo inayohitajika kuliko kitu kingine chochote.

Kuna mfano ambao siachi kuutumia kila ninapofundisha. Tarehe 9 Februari 1971, saa kumi na mbili asubuhi, tetemeko lenye ukubwa wa 6.6 lilipiga bonde la San Fernando, upande wa kaskazini wa jiji la Los Angeles nchini Marekani. Hospitali ya Olive View ilikuwa na jengo jipya kabisa, ambalo ndiyo kwanza lilikuwa limeanza kutumika. Nguzo za sehemu ya chini zilipasuka, na minara ya ngazi ikajitenga na jengo ikaanguka. Pamoja na uharibifu huo wote, waliofariki katika hospitali hiyo walikuwa watatu: wagonjwa wawili waliotegemea mashine za kuwapumulia, umeme ulipokatika, na mfanyakazi mmoja aliyepigwa na sehemu ya jengo alipokuwa akijaribu kutoka. Hesabu hiyo inabeba karibu kila kitu ninachotaka kukuambia. Mmoja alikufa akiwa katika mwendo wakati jengo bado linacheza, na wawili walikufa kwa sababu ya pumzi, si kwa sababu ya kifusi.

Ungekuwa tayari kando ya kitanda cha sita, jibu langu lingebadilika kidogo. Mgonjwa aliye kitandani huachwa kitandani. Unakanyaga breki za magurudumu kama hazijafungwa, unapandisha reli za pembeni, unamfunika kichwa kwa mto, kisha unachuchumaa ubavuni mwa kitanda, umeinama chini kadiri uwezavyo, mkono mmoja ukiwa umeshika fremu ya kitanda na mwingine ukikinga shingo yako. Usiingie uvunguni, kwa sababu kitanda cha hospitali kina magurudumu na mitambo ya kupandisha na kushusha, na hakina uimara wa meza. Aliye kwenye kiti cha magurudumu hufungiwa breki, huinamishwa mbele na hukinga kichwa kwa mikono. Katika chumba cha upasuaji, daktari huondoa vyombo vyenye ncha kali ndani ya jeraha, jeraha hufunikwa kwa kitambaa kisafi, na mwenye kutoa dawa ya usingizi haachi njia ya hewa ya mgonjwa. Waliobaki humshika mgonjwa asidondoke mezani, huku wakikaa mbali na taa kubwa inayoning'inia juu.

Huenda umeona picha zilizosambaa za wenzetu waliofanya mambo makubwa. Tarehe 6 Februari 2023, tetemeko lenye ukubwa wa 7.8 lilipoipiga Uturuki kabla ya alfajiri, kamera za hospitali moja ya Gaziantep ziliwaonyesha wauguzi wawili wakizishikilia mashine za watoto njiti zisipinduke. Tarehe 30 Julai 2025, katika tetemeko la Kamchatka, Urusi, lenye ukubwa wa 8.8, timu ya upasuaji ilionekana ikimshikilia mgonjwa wake mezani huku chumba chote kikiyumba. Nawaheshimu sana watu hawa. Lakini walikuwa hatua chache tu kutoka kwa wagonjwa wao, au mikono yao ilikuwa tayari mwilini mwa mgonjwa. Usiyapime matendo yako kwa picha ya mtu aliyekuwa amesimama mahali tofauti na pako.

Kuna kitu kimoja tu ambacho ningekiongeza katika ulichokifanya, nacho ni sauti yako. Miguu haikuweza kufika kitanda cha sita, lakini sauti ingeweza. Mtu aliye chini ya meza anaweza kuita kwa nguvu na kwa maneno machache: "Nipo hapa! Funika kichwa kwa mto! Usishuke kitandani!" Maneno hayo hufanya kazi tatu kwa pamoja: humwambia mgonjwa kwamba hajaachwa, humpa la kufanya, na humzuia asishuke na mirija yake kwenda kuangukia sakafuni. Nakuambia hili kwa ajili ya safari ijayo, na sitaki uliongeze kwenye mzigo ulionao. Hakuna anayekumbuka kuita mara ya kwanza kama hakuwahi kulifanyia mazoezi. Ndiyo maana katika mazoezi ninayoyasimamia nawataka watu waseme kwa sauti kubwa wakiwa chini ya meza, hata wakiona haya.

Saa yako ya kazi ilianza mtikisiko ulipokoma, na hapo barua yako inanionyesha muuguzi aliyefanya lililo sahihi: ulikwenda kwanza kwa mwenye shida ya pumzi. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi, kwa hiyo mtikisiko ukiisha mtu hujikagua mwenyewe kwa sekunde chache, hutazama juu kuona kinachotaka kuanguka, hunusa kama kuna gesi au moshi, kisha huenda moja kwa moja kwa wanaotegemea oksijeni na mashine. Wengine wote, hata anayevuja damu kidogo mahali dripu ilipochomoka, wanaweza kusubiri dakika moja. Kila mgonjwa anayetegemea mashine ya kupumulia anapaswa kuwa na bagi la kupumulishia kwa mkono likining'inia kando ya kitanda chake, wala si katika kabati lililofungwa kwa ufunguo ambao anao sista mkuu, na ambaye usiku huo hayupo zamu. Kama wodi ina mabomba ya oksijeni ukutani na ukasikia mlio wa kuvuja, koki ya wodi nzima isifungwe na mtu kwa kukurupuka. Kwanza wagonjwa wanaoitegemea wahamishiwe kwenye mitungi, isipokuwa kama moto umeshaanza. Na kama umeme umekatika, tumia tochi. Mshumaa au kiberiti katika chumba chenye oksijeni inayovuja ni hatari kuliko tetemeko lenyewe.

Baada ya pumzi ndipo huja kuhesabu vichwa, kukagua mirija ya jeraha na dripu, kufunga upya breki zote, kusogeza vitanda mbali na madirisha, na kufungua milango na kuizuia isijifunge, kwa sababu tetemeko la marudio linaweza kuipinda fremu mkajikuta mmefungiwa ndani. Vaa viatu vigumu muda wote, maana sakafu huwa imejaa vioo.

Sasa swali lako la pili, la kutoka au kutotoka. Katika barua yako waliotaka kutoka na waliokataa wote walikuwa na sababu, na ugomvi huo hutokea karibu kila mahali. Msimamo wangu ni kwamba wodi haihamishwi kwa sababu tu tetemeko limepita. Huhamishwa kwa sababu jengo limeonyesha dalili. Kumshusha ghorofa tatu kwa ngazi mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo jana, gizani, huku ardhi ikiweza kutikisika tena mkiwa katikati ya ngazi, ni hatari halisi, na lifti haitumiki kabisa mpaka fundi aikague, kwa sababu vyuma vizito vinavyoisawazisha huweza kutoka kwenye reli zake. Isitoshe, ndani ya muda mfupi majeruhi wa mjini huanza kumiminika mapokezini, na wodi iliyotupwa uani bila sababu huwa imeongeza idadi ya wasio na pa kulala.

Dalili zenyewe zinasomeka hata kwa asiye mhandisi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta, au ufa unaofuata mstari ambapo ukuta wa matofali unakutana na boriti, mara nyingi ni wa ngozi tu ya jengo. Ufa wa mshazari kwenye nguzo, au nyufa mbili zinazokatana kama alama ya X, zege lililobanduka mpaka nondo zikaonekana zimepinda, sakafu iliyoinama, milango kadhaa ya upande mmoja iliyokataa kufunguka kwa pamoja: hizo ni habari nyingine. Ukiziona, usisubiri kibali kutoka ofisi yoyote. Wahamishe kwanza kwa usawa, katika ghorofa ileile, kwenda upande wa jengo ulio mzima, kisha mshuke kwa ngazi zilizokaguliwa. Kama jengo linatishia kuanguka wakati wowote, wanaoweza kutembea hutoka kwanza kwa kundi, kwa kuwa dakika moja huokoa wengi wao, na wasioweza hubebwa kwa shuka au blanketi, watu wanne hadi sita kwa mgonjwa mmoja, faili lake likiwa limewekwa juu ya kifua chake. Katika jiji la Mexico, tarehe 19 Septemba 1985, jengo refu la Hospitali ya Juárez liliporomoka, sakafu zikalaliana, na katika siku zilizofuata waokoaji waliendelea kutoa watoto wachanga wakiwa hai chini ya vifusi vya hospitali za jiji hilo. Majengo hayaanguki mara nyingi hivyo, lakini yanapoanguka hayangoji.

Wala tetemeko kubwa haliji peke yake. Nchini Nepal, tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 lenye ukubwa wa 7.8 lilifuatwa tarehe 12 Mei na lingine la 7.3, na wagonjwa waliokuwa wamesharudishwa ndani katika hospitali za Kathmandu walitolewa tena nje. Kwa hiyo uamuzi wa kubaki ndani ni uamuzi wa saa hiyo tu, na hurudiwa baada ya kila mtikisiko mpya, kwa kuzitazama nguzo zilezile upya. Niongeze jambo moja kwa wasomaji walio karibu kabisa na bahari: mtikisiko mkali au mrefu ukipita, hatari inayofuata ni maji, na hapo wagonjwa hupandishwa juu badala ya kushushwa. Tarehe 11 Machi 2011, katika mji wa Minamisanriku, Japani, maji ya tsunami yalipanda hadi ghorofa ya nne ya hospitali ya Shizugawa, na wagonjwa wengi waliokuwa hawajafikishwa juu zaidi walipotea.

Kuhusu sakafu unayoihisi ikicheza, wewe si mgonjwa wa akili na wala hujiundii mambo. Wajapani, ambao wameishi na matetemeko kwa karne nyingi, wana neno lake kabisa, jishin-yoi, yaani ulevi wa tetemeko. Kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio kimepata mshtuko wa mwendo ambao hakikuuzoea, na ubongo, ukiwa bado katika tahadhari, unatafsiri kila dalili ndogo, hata mapigo ya moyo wako mwenyewe, kama mwanzo wa tetemeko jingine. Weka glasi ya maji mezani mahali unapokaa. Ukihisi sakafu inasogea, tazama uso wa maji. Maji yakiwa yametulia, umepata jibu kutoka kwa shahidi asiye na hofu, na ukirudia hivyo siku baada ya siku, mwili huanza kuliamini jibu hilo. Lala kadiri uwezavyo, punguza kuangalia picha za maafa, na zungumza na wenzako wa zamu ileile, kwa sababu wao ndio wanaoijua sauti unayoisikia. Hali hii kwa wengi hupungua yenyewe ndani ya majuma machache. Ikipita mwezi mmoja nawe bado unaota usiku ule, unaikwepa wodi, unashtuka kila toroli inapogonga mlango, au sauti ya kitanda cha sita inazidi badala ya kufifia, mwone mtaalamu wa afya ya akili kama vile ungemtuma mgonjwa wako. Kuna tiba inayosaidia, na kuianza mapema ni bora.

Nimebakiza mtungi wa oksijeni, kwa sababu ndio ulionitia hofu kuliko yote uliyoyaandika. Mtungi uliojaa huwa na gesi iliyoshindiliwa kwa shinikizo la mara mia moja na zaidi ya lile la hewa tunayoivuta. Ukianguka na koki yake ikavunjika shingoni, hautabingirika tena. Utaruka kama kombora, na unaweza kutoboa ukuta. Usiku ule ulibingirika hadi mlangoni kwa sababu koki haikugonga chini. Niliwahi kukagua wodi moja ambamo mitungi yote ilikuwa imefungwa kwenye miguu ya vitanda kwa bandeji za pamba, zimepigwa fundo zuri la upasuaji. Waliozifunga walikuwa watu makini waliofanya walichoweza kwa walichokuwa nacho, lakini nilipousukuma mtungi mmoja kwa kiganja, bandeji ilinyooka na mtungi ukalala. Nao ulikuwa umefungwa kwenye kitanda chenye magurudumu, ambacho chenyewe kingeondoka. Huko Miki, Japani, wataalamu walijenga vyumba vya hospitali juu ya jukwaa kubwa la kutikisia majengo, na vifaa ambavyo magurudumu yake hayakufungwa vilizunguka chumbani na kugongana, ilhali jengo lenyewe lilikuwa salama.

Salama ya jengo, kwa hakika, haitoshi. Olive View ilijengwa upya, safari hii kwa uimara mkubwa, na tetemeko la Northridge la tarehe 17 Januari 1994 halikuliangusha jengo hilo. Lakini mabomba ya maji ya kuzimia moto yalikatika darini, maji yakafurika, na wagonjwa ikabidi wahamishwe. Kilichowatoa kilikuwa bomba ambalo halikufungwa vizuri. Kwa hiyo mkikaa na sista mkuu na fundi wa hospitali, msianze na ramani kubwa za maafa. Ulizeni kama betri za kuwashia jenereta zimefungwa kwenye rafu yake, kwa maana jenereta nzima hushindwa kuwaka kwa sababu ya betri iliyodondoka. Chupa nzito za dawa zishuke rafu za chini, makabati yapigiliwe ukutani, na breki za vitanda zikaguliwe kila zamu inapokabidhiana. Lakini kabla ya hayo, kesho asubuhi, shughulikieni mtungi wa kitanda cha sita: minyororo miwili, mmoja juu ya nusu ya kimo chake na mwingine chini ya nusu, iliyofungwa kwenye ukuta wenyewe.